Majani Niliyoyarudisha Kijitoni

Naona haya kuisimulia hii, na mpaka leo nikimwona mchungaji wetu sokoni Mosocho nageuka kana kwamba nimesahau kitu, lakini afadhali niseme mwenyewe kabla shangazi hajaisema kwa namna yake.

Mwaka mzima nilikuwa napima majani yanayotuama chini ya kijito chetu (sikusomea popote, nilijifunza kwenye simu): mraba mmoja wa kamba na vigingi, kila mwisho wa mwezi natoa yaliyomo, naanika, napima, naandika. Kiangazi majani ya mikaratusi hurundikana hadi maji yanakuwa kama chai ya rangi, mvua zikija zinafagia kila kitu inabaki changarawe. Ilibaki Februari tu, na Jumatatu ningesoma daftari mbele ya kikundi cha maji, watu ambao tayari walikuwa wananiita "daktari wa takataka".

Sabato asubuhi nikakuta mraba mtupu! Ijumaa mashemasi walikuwa wameziba kijito kwa magunia ya udongo, maji yafike kiunoni kwa ajili ya ubatizo, wakakwangua majani yote na kuyarundika ukingoni. Mwenye akili angeandika "yametolewa" akaenda kanisani. Mimi (nafasi tupu kwenye jedwali huninyima usingizi) nikachukua beseni nikaanza kuyarudisha ndani ya mraba ili niyapime kama kawaida, nikiyakandamiza kwa mawe yasielee, nikikisia tu yalikuwa mangapi, nikakaza upya kamba, nikijua ubatizo ni mchana, kumbe saa nne nikasikia nyimbo za waumini zikiteremka kilimani.

Badala ya kuwaonya kuhusu kamba, nikajibanza ukingoni. Shangazi, wa kwanza kubatizwa, akaingia na kanzu yake nyeupe, mguu ukanasa kambani, akazama kabla mchungaji hajainua mkono, akaibuka mweusi, majani kichwani.

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Mchungaji, hiyo imehesabika?"

"Bado, mama. Nani amerudisha uchafu huu?"

Kanisa zima likanitazama, na beseni langu mkononi.

"Ni mimi. Yalikuwa... yalikuwa hapa mwezi mzima."

"Na unafanya kazi Sabato?"

Nikayatoa yote, washiriki wakirudia wimbo uleule mara tano. Shangazi alipobatizwa sawasawa, alichomoa jani shingoni akanipa. "Pima na hili, daktari."

Jumatatu nilipofika kwenye mstari wa Februari nikasoma, "Sijui, niliyavuruga mwenyewe." Walicheka hadi mwenyekiti akafuta machozi, kisha akasema, "Basi hiyo miezi mingine naiamini."

Nimeapa, kilichotolewa sikirudishi tena. Ile nafasi ingali tupu, na kila nikifungua daftari vidole vinaniwasha.