Mkia Uliosimama Nyuma ya Mimbari

Baba yangu amechora mbuzi wengi kuliko aliowahi kula, na amekula wengi. Ukipita Migwani siku ya soko ukaona ukuta wa bucha una mbuzi mweupe anayetabasamu kama aliyepata habari njema, huyo ni wa baba. Wako mpaka Mbooni, kule juu kwenye baridi, na yuko mmoja Kanyangi ambaye mvua ilimfuta miguu, akabaki kichwa na tabasamu. Sikuwahi kuelewa kwa nini mnyama anayengojea kisu acheke. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima tayari, mwalimu wa shule ya msingi, naye akanijibu, "Nani atanunua nyama ya mnyama amekasirika?"

Mama naye alikuwa na benchi lake kanisani, la tatu kutoka mbele, karibu na dirisha. Kando yake, mahali pa baba, aliweka mkoba wake mweusi. Mkoba ule haukuwekwa chini hata siku moja, kwa sababu Biblia ilikaa humo, na Biblia haiwekwi miguuni pa watu. Hata kanisa lilipofurika siku ya mazishi ya dada yake, mtu akaomba kuketi pale, mama alisema tu, "Hapo kuna mtu." Mtu mwenyewe alikuwa nyumbani anasikiliza redio. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka tisa.

Baba alitoka kanisani kwa sababu ya chupa. Alikuwa amechora chupa ya bia kwenye ukuta wa baa, chupa nzuri sana, yenye matone ya baridi yanayoteremka, hata mimi nisiyekunywa nilimeza mate. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mwenyekiti wa kamati ya kanisa alisimama akasema kuna mkono humu ndani unaochora ulevi Jumamosi na kupokea meza ya Bwana Jumapili. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Kucha za baba bado zilikuwa na rangi ya kahawia. Baba akasimama, akavaa kofia yake palepale ndani ya kanisa, akatoka. Kwetu mzee akivaa kofia kanisani ameshatukana, hahitaji tena kufungua mdomo.

Kisha tukaletewa mchungaji mpya, kijana mwenye bidii. Alikuwa amehudhuria semina, akarudi na kijitabu cha picha za makanisa ya zamani, wanyama tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alisema ukuta wetu nyuma ya mimbari uko uchi, mgeni akiingia atadhani tunaabudu simiti. Alitaka wale wanne wanaosimama kwa niaba ya waandishi wa Injili, yaani mtu, simba, ng'ombe na tai, wote wenye mabawa, na katikati yao Mwana-Kondoo. Akaja nyumbani kumwomba baba. Alikunywa chai vikombe vitatu, na kila baba alipotikisa kichwa mama aliongeza sukari.

"Kazi ni kazi," baba akasema mwishowe. "Lakini nitaingia kama fundi. Fundi haombi. Fundi anapiga rangi."

Mama alinivuta jikoni. Huniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Mwaitu," akaninong'oneza, "ukiingia hata kama fundi, umeingia. Wewe shika hiyo ngazi. Akianguka kabla amalize, nitakuuliza wewe."

Ilikuwa likizo, basi nikashika ngazi. Mtu mwenye mabawa hakutusumbua, kwani watu baba amewaona wengi. Ng'ombe alipata nundu kama wa kwetu. Simba ndiye aliyenitia wasiwasi. Baba hajawahi kumwona simba, na kila siku uso ule ulizidi kufanana na mtu ninayemjua. Mashavu yalikuwa mapana, jicho moja dogo kuliko lingine. Siku ya pili nikatambua. Alikuwa mwenyekiti, na manyoya kichwani. Nilikuwa nimetumwa kushika ngazi, sikutumwa kuamua kesi.

Tai alileta fujo mapema. Baba alichora yule anayemjua, mwewe wa kuiba vifaranga, na akina mama waliokuja kufagia wakamtambua kabla rangi haijakauka.

"Aiya! Huyu alikula vifaranga wangu saba!" mmoja akasema. "Sasa ndio amepewa kanisa?"

Mchungaji akaeleza kwamba tai ni mfano wa kupaa juu mpaka mbinguni.

"Nilimwona akipaa, Pastor. Na kifaranga wangu akiwa kwenye kucha."

Tukafika kwa Mwana-Kondoo. Yule wa kijitabuni alikuwa na sufu iliyofura kama povu la sabuni, mduara wa dhahabu kichwani, na bendera ameikumbatia kwa mguu mmoja.

"Huyu amevaa sweta," baba akasema. "Na hii sahani ya kichwa?"

"Ni utukufu, mzee."

"Na bendera? Anagombea kiti gani?"

Mchungaji, Mungu amzidishie subira, akasema ni bendera ya ushindi. Mwana-Kondoo alichinjwa, lakini tazama, amesimama. Baba akaitazama tena picha ile, akasema anataka kondoo wa kweli wa kuangalia.

Kondoo wa kwetu ni wachache, na hao wachache hawana sufu. Wana nywele fupi, na ukiwaona kwa mbali utasema ni mbuzi waliokata tamaa. Tofauti iko kwenye mkia. Wa kondoo unaning'inia, wa mbuzi unasimama, na hilo kila mtoto wa hapa analijua kabla ya kujua kusoma. Tukaazima kondoo kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye bucha sokoni, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo. Bango la bucha yake ndilo lililokuwa kazi ya kwanza ya baba. Kondoo akaletwa, akafungwa kwenye mguu wa mimbari, akalala. Alilala siku tatu. Mkia wake hatukuuona, alikuwa ameukalia.

Na hapo ndipo mkono wa baba ulipotuponza. Mkono uliochora mbuzi miaka thelathini una njia yake. Huanzia shingoni, unafuata mgongo, na ukifika mwisho hupiga brashi juu, fyaa! Baba alikuwa akinisimulia habari za punda fulani huku akichora, na mkia ukapanda wenyewe. Tabasamu nalo likaja bila kuitwa. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilikuwa chini ya ngazi nikitazama, na nikasema kwa sauti, "Baba, amependeza!"

Jumamosi kamati ikaja kukagua. Mama alikuja pia, akaketi benchi lake na mkoba wake kando. Mwenyekiti alisimama mbele ya simba, akamwangalia sana, kisha akanyoosha koti lake. Nikadhani tumepona. Halafu akahamia katikati.

"Huyu ni mbuzi," akasema.

"Ni kondoo," nikasema mimi.

"Mwalimu, mimi nimechunga mbuzi kabla uzaliwe. Angalia mkia."

Tukaangalia mkia. Ulikuwa umesimama wima, kama mkono wa mtoto anayejua jibu. Mchungaji akafungua kijitabu, akakifunga. Ikaamuliwa aitwe mwenye kondoo, kwa kuwa anajua wanyama na hana upande. Mzee wa bucha alivua ndara zake mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akaja mbele, akamtazama kondoo aliyelala, akautazama ukuta.

"Fundi, nisamehe," akasema. "Huyu ni mbuzi. Tena ni wangu, yule wa bango langu. Mmempa bendera tu."

"Mnasikia?" Mwenyekiti akapandisha sauti. "Siku ya hukumu mbuzi wataenda kushoto. Na huyu yuko wapi?" Kwa sababu ya dirisha, baba alikuwa amemsogeza kushoto kidogo. "Afutwe!"

Baba alishuka ngazi, akaanza kuosha brashi moja moja, polepole. Namjua baba akiosha brashi hivyo. Macho yake yalikuwa yakitafuta kofia, na kofia ilikuwa juu ya benchi la kwanza. Mama naye aliiona. Niliogopa kwelikweli, na nilikasirika pia, nikiwakasirikia mwenyekiti, kijitabu na mkia wenyewe. Kofia ile ikivaliwa humu ndani mara ya pili, mkoba wa mama ungekaa pale mpaka azikwe.

Mzee wa bucha aliona hali imeharibika, na ukweli wake ulimuuma. "Lakini hata sisi," akasema kwa upole, "sikukuu ya kuchinja, mtu akikosa kondoo, mbuzi anakubaliwa. Mungu anajua watu wa ukame."

"Ngojeni," mama akasema.

Akafungua mkoba, akatoa Biblia, akalowesha kidole. Alifunua kurasa muda mrefu, na kofia ilishafika mkononi mwa baba. Kisha mama akasoma, bila kupandisha sauti, maagizo ya usiku ule wa kutoka Misri. Mwana-kondoo awe dume, wa mwaka mmoja, asiye na kilema. Na achukuliwe kwa kondoo, au kwa mbuzi.

"Au kwa mbuzi," akarudia, akimtazama mwenyekiti.

Mchungaji akafungua Biblia yake, akasoma akisogeza midomo. "Ni kweli," akasema. "Kwa semina waliruka hapo."

Mwenyekiti akavaa miwani asome mwenyewe. Alisoma mara mbili. Wakati huo kondoo, aliyekuwa amelala siku tatu, akaamka, akajinyoosha, na kuacha maoni yake sakafuni mbele ya kamati nzima. Mkia wake, na hili liandikwe, ulining'inia.

"Sawa, abaki," mwenyekiti akasema. "Lakini fundi, mbona anacheka? Si alichinjwa?"

"Si umeambiwa amefufuka?" baba akasema. "Ulitaka anune?"

Nilimwona mchungaji akitoa kalamu, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Mwenyekiti akageukia ukuta tena. "Na simba?"

"Simba ni wewe. Miaka tisa nasikia ukinguruma."

Niliziba macho. Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa, mpaka mzee wa bucha akampiga mgongoni. Alipopata pumzi alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Ile chupa," akasema, "ulikuwa umeichora vizuri sana. Ndiyo ilikuwa shida yangu. Nilikuwa nimeacha pombe juzi tu." Baba alimwangalia, akakunja kofia akaitia mfukoni.

Jumapili asubuhi baba alivaa koti. Alisema mwenyewe kwamba anaenda kuona kama rangi imekauka, ingawa rangi ile hukauka kwa saa nne. Tulimwacha nyuma kwa makusudi. Tulikuwa tumeshaimba wimbo wa pili nilipomwona mlangoni, kofia mkononi, akimkagua mbuzi wake kwa mbali kama mtu anayepita tu. Kisha akaanza kuja mbele.

Mama hakugeuka. Alitoa Biblia mkobani, akaiweka mapajani, akauteremsha mkoba sakafuni.

Baba akaketi. Mchungaji akasema tuombe, na baba akainama sikioni mwa mama akanong'ona kwamba yule tai anahitaji rangi ya pili.

"Nyamaza," mama akasema. "Tunaomba."

"Fundi haombi," baba akasema, akafumba macho.