Wakesho na daftari la hesabu lisilo na mwenyewe

Nimeifuta na kuiandika hii post mara nne. Wakesho wetu, mwalimu wa hesabu hapa Voi, ametutoka Jumanne asubuhi. Akili yangu inakataa kabisa.

Miaka kumi na tisa tumekaa meza moja staffroom. Chai yake bila sukari, marking yake kalamu ya kijani, mdomo wake haukuwa na breki.

Tulipomzika baba yake kule Ronge, alifungua sanduku la bati la mzee akatoa daftari la notes za hesabu, za chuo cha ualimu miaka ya hamsini. Vitabu havikuwepo siku hizo. Wanafunzi walinakiliana kwa mkono, na kila mmoja aliandika jina lake juu. Jina la mtunzi likapotea hivyo.

Baba yake alikuwa akisema, "Aliyeandika haya ndiye aliyenifanya mwalimu." Na hakuwahi kumjua, maana alinakili kwa wanafunzi waliomtangulia.

Wakesho alilisoma jikoni akisubiri maharagwe yaive. Saa hiyo hiyo akanipigia simu. "Wee! Ukurasa wa kumi na moja una kosa!" Shamba la pembetatu, kitako yadi nane, kimo yadi sita, jibu arobaini na nane. Mtu alisahau kugawanya kwa mbili.

Basi tukaanza kumtafuta mtunzi. Kila weekend, wazee waliosoma chuo kile, daftari baada ya daftari. Kosa lilikuwa mle mle, wote wamelinakili.

Mwaka huo ndio ugonjwa wa Wakesho ulionekana. Nikamwambia tuache, apumzike. Akaniambia, "Nikilala sitaamka. Twende nimjue huyu mtu kabla sijaenda." Nilimkasirikia sana siku hiyo. Nisamehe, dada.

Sagalla tukapata daftari moja lisilo na kosa. Wakesho akaruka: hili ndilo la mtunzi! Tukapoteza mwaka mzima kuchimba ukoo wa marehemu mwenye daftari, mpaka siku mjane wake alipocheka. "Huyu wangu alinakili tu kama wengine. Lakini alimbishia mwalimu aliyeziandika notes hizo, mbele ya darasa, na mwalimu akafurahi. Mwalimu Mwakio, wa Werugha. Si yuko hai?"

Mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mama huyo!

Werugha kulikuwa na ukungu. Boda ilituacha chini, tukapanda pole pole, Wakesho akipumzika kila baada ya matuta mawili ya kabeji. Mzee wa miaka tisini na kitu alikuwa amejifunika blanketi. Kabla hatujamaliza kujieleza akauliza, "Ukurasa wa kumi na moja mmeuona?"

Kumbe kosa aliliweka makusudi. "Walikuwa wananakili bila kufikiri. Nikasema, atakayekuja kunibishia, huyo ndiye mwalimu. Alikuja mmoja tu."

Wakesho akasema, "Mzee, mimi nilikubishia jikoni kwangu." Mzee akasimama, kwa shida, akamshika mikono yote miwili.

Tukishuka alicheka mpaka machozi. "Baba hakuliona! Miaka thelathini na tano darasani na hakuliona!" Kisha akalia kweli kweli, nami nikalia.

Jioni hiyo aliandika kwenye daftari, chini ya jina la baba yake: *Mtunzi ni Mwalimu Mwakio, Werugha.* Herufi zilinyooka.

Jana nilimpigia Mzee kumpa habari. Akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nilidhani nimesahauliwa. Amenitafuta akiwa anakufa." Hajashuka mlima miaka mingi. Jumamosi wajukuu wake wanamleta Ronge kwenye mazishi, na amesema atarusha udongo yeye mwenyewe.

Wakesho, ulimpata ukiwa bado na miguu ya kumfikia. Kazi imekwisha, mama. Pumzika sasa, ulale vizuri.