Mama yuko ICU, potasiamu imegoma kupanda, kumbe kuna uji wa shangazi

Wakuu, heshima kwenu wote. Hiki kisa ni cha nyumbani kwetu kabisa, sijaongeza chumvi.

Naishi na mama yangu Miyuji, hapa Dodoma. Juzi kati alianza kuharisha, tukachukulia poa. Asubuhi moja akashindwa kunyanyuka kitandani. Miguu haina nguvu, mapigo ya moyo yanarukaruka.

Hospitali wakampima damu, moja kwa moja ICU.

Daktari, dada mmoja mtulivu sana, akanieleza kuwa potasiamu, yale madini ya kwenye damu, imeshuka mno, na moyo unaweza kusimama muda wowote.

Wakamwekea potasiamu kwa dripu, taratibu, kwa mashine. Nikaomba waongeze speed. Akaniambia ikienda haraka nayo inaua. Basi nikawa mpole.

Kesho yake ikapanda kidogo, halafu ikashuka tena. Na mama bado anaharisha. Daktari akasema inapotelea kwenye kuharisha, akatuuliza kama kuna dawa ya kienyeji anatumia. Wote tukasema hakuna. Mama yeye anaangalia dari.

Sasa, shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekuja kutoka kijijini Busi kumuuguza tangu kuharisha kulipoanza. Kila tukiruhusiwa kuingia, yeye ndiye anamnywesha uji. Anampenda mama, hilo sina ubishi.

Jioni nikabaki na mama peke yetu. Akaninong'oneza, "Uji wa wifi una mizizi ya kusafisha tumbo. Ananipa tangu nyumbani."

"Mama! Sasa mbona unakunywa?"

"Ametoka Busi kwa ajili yangu. Nimkatalie mbele za watu?"

Jamani! Mtu yuko radhi afe kuliko kumkatalia wifi kikombe cha uji! Nilikasirika kweli.

Nikamfuata shangazi nje kwenye benchi. Shikamoo kwanza, hapo huruki. Nikamwambia polepole kwamba ile mizizi ndiyo inamharisha, na potasiamu yote inapotelea huko huko.

Nilijua atawaka. Wapi! Alibeba chupa ya uji, akaenda mwenyewe kwa daktari.

Akamwambia, "Mwanangu, ni mimi nilikuwa nampa. Sikuihesabu kama dawa, nilidhani namtoa uchafu."

Daktari hakumgombeza, alimshukuru. Uji ukasimamishwa, kuharisha kukakoma, potasiamu ikapanda na safari hii ikakaa. Nililia chooni, sioni aibu kusema.

Funzo nililopata: daktari akiuliza, mwambieni kila kitu. Na mgonjwa muulizeni akiwa peke yake, maana mbele ya ndugu atawaficha.

Siku ya kuruhusiwa, shangazi akatangaza kwamba anamchukua mama akapumzike Busi. Mama akamwangalia, akasema, "Hapana wifi. Nabaki kwangu."

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akimwambia hapana.

Shangazi akacheka mpaka machozi. "Haya, sasa naamini umepona."

Wenzangu, wakwe na mawifi huko kwenu mnawakataliaje? Mwageni uzoefu, nasoma zote.