Mama Futa Agoma Kufuta

Huyo mnayemwita Mama Futa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na jina hilo halimfai hata kidogo. Walimbandika kazini kwake, kwenye hifadhi ya picha za zamani zinazowekwa mtandaoni, kwa sababu anayetaka picha iondolewe lazima apitie kwake. Watu wakadhani kazi yake ni kubonyeza tu. Thubutu! Muulizeni kaka yangu kama mwanamke huyo amewahi kukubali jambo kwa mara ya kwanza.

Sisemi hafuti. Binti mmoja alikuja na mama yake. Kulikuwa na picha yake akiwa mtoto, yuko uchi katikati ya mafuriko, na wanafunzi wenzake walikuwa wanamcheka nayo. Wifi aliiondoa kabla hawajamaliza kusimulia, akawaletea na maji ya kunywa.

Sasa njoo kwenye picha yetu. Ni ya mgomo wa kiwanda cha nguo, miaka mingi iliyopita. Wafanyakazi wameziba lango, gari la mwenye kiwanda limekwama, naye katoa kichwa dirishani anafoka. Mbele ya gari, mikono kiunoni, amesimama mama yangu. Ndiyo picha yake pekee duniani. Nyingine ziliungua pamoja na nyumba, naye alifariki kabla sijaanza shule. Sura ya mama yangu naijua kwa picha hiyo tu.

Mtoto wa yule mwenye kiwanda siku hizi ni mtu mzito, na anataka jina la baba yake ling'ae. Kwanza aliomba picha iondolewe kwa kuwa inaingilia faragha ya marehemu baba yake. Wifi akamjibu kwamba mtu anayefoka barabarani mbele ya umati, mchana kweupe, hayuko chumbani kwake. Unadhani alinyamaza? Alikwenda kuinunua studio ya zamani ambayo muhuri wake uko nyuma ya picha, akarudi kifua mbele: hakimiliki sasa ni yangu, ondoeni. Jamani, pesa ina vituko!

Mkuu wa hifadhi akafyata mkia. Pale desturi yao ni kuficha kwanza, kuuliza baadaye.

"Dada, ifiche tu," alimwambia wifi. "Tutachunguza taratibu."

"Bosi, ulizoficha mwaka juzi bado unazichunguza. Hii mkono wangu haumo. Nipe hadi Ijumaa."

"Na akitushtaki?"

"Mwambie aliyekataa ni mimi. Na barua ya kunifukuza iandae kabisa, usije ukahangaika."

Jioni alikuja kwangu, mimi ni fundi cherehani, akatandaza nakala kubwa ya picha juu ya meza ya kukatia. Damu ilikuwa inanichemka. Nilimtukana yule bwana, nikamtukana na marehemu baba yake.

"Punguza mdomo, wifi, tazama hapa," akasema.

Kwenye kona ya chini, jua la asubuhi lilikuwa limelaza kivuli cha mpiga picha. Viwiko vimeinuliwa, kamera usoni, na mgongoni nundu yenye kichwa kidogo.

"Mwenye studio alianza lini kubeba mtoto mgongoni?" wifi akaniuliza.

Mwenye studio alishafariki, lakini mjane wake yupo. Kesho yake tukaenda. Bibi aliisogeza picha karibu na macho, akacheka mpaka akakohoa.

"Mume wangu siku hiyo alijifungia chooni kwa woga! Nimepiga mimi, kwa kamera niliyopewa na kaka yangu. Yeye alisafisha tu, akagonga muhuri wake."

"Na studio ilipouzwa, bibi?"

"Aliuza shemeji, hata kuniambia hakuniambia. Kauza makabati ya ndugu yake, sawa. Yangu hakuuza. Iacheni hapo hapo, watu waione."

Kisha akaniangalia, akanishika kidevu. "Wewe ni wa yule aliyesimama mbele ya gari. Kiburi kile kile." Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Ijumaa wifi alimjibu yule bwana: mwenye picha yu hai, nenda ukamwombe ruhusa mwenyewe, na uende mapema maana ana mengi ya kukuambia. Alikwenda kweli, na bahasha mkononi. Bibi alimsemesha dirishani, mlango hakuufungua.

Chini ya picha mtandaoni jina la studio limeondoka. Sasa kuna jina la bibi, lote, la kwake, la baba na la babu, kama alivyotaka. Ndicho kitu pekee wifi alichofuta.

Mimi nimechapisha nakala yangu, kubwa kama mlango, nimeitundika dukani ikitazama barabara anayopita yule bwana na gari lake. Aje aombe niiondoe. Mimi hata hilo jina la Mama Futa sina.