Saa ya Mama ni Ipi?

Saa tatu asubuhi, Kimbo, Ruiru. Dianah Mbithe, fundi wa saa, amebana lenzi jichoni. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, zimelala saa mbili za mkononi za kike, kila moja ndogo kuliko kifungo cha koti. Ya rangi ya dhahabu inatembea. Ile nyeupe iko kimya, na kioo chake kimepasuka.

"Zinanichanganya," anasema polepole, bila kuinua kichwa.

Wenye saa wameketi kwenye benchi: Ndung'u na dada yake mdogo, Nyawira, kutoka Kiandutu, Thika. Walizikuta ndani ya kopo la vifungo la mama yao, mshonaji aliyefariki mwaka jana. Wanataka kuuza moja wamjengee kaburi, wabaki na ile aliyokuwa akivaa. Mnunuzi, mtu wa kukusanya saa za zamani, anakuja kesho. Shida ni kwamba hawakubaliani mama alivaa ipi.

"Ilikuwa nyeupe," anasema Ndung'u. "Wewe hata hukuwa umezaliwa."

"Na mimi nilipozaliwa nikakuta ya dhahabu. Ama nilizaliwa kipofu?"

Mbithe, mwenye umri wa miaka 54, hakufundishwa kazi hii na mtu. Alifungua saa zilizokufa, moja baada ya nyingine, mpaka moja ikakubali kutembea. Siku nzuri hupata shilingi mia nane, nyingi zikitokana na kubadilisha betri. Saa ndogo za kutiwa ufunguo hazimlipi, ila ndizo azipendazo.

"Tazama mishale hii, myembamba kama unywele," anasema. "Kuna mtu alikaa chini akaikata."

Hana haraka ya kuamua. Huanza na uso wa saa, kisha kifuniko cha nyuma, kisha mashine. Uso na kifuniko cha ile nyeupe vina chapa ya taji. Vya dhahabu vina chapa ya nyota. Lakini ndani mambo yamegeuka: mashine ya taji imo kwenye kasha la dhahabu, na ya nyota imo kwenye kasha jeupe.

Anainamisha vifuniko kwenye mwanga. Mafundi wa huku, kila wafunguapo saa, hukwaruza alama yao na mwaka kwa sindano. Katika kifuniko cheupe, alama ya mwisho ni ya 1994. Katika cha dhahabu, ya kwanza ni ya mwaka huo huo, kwa mkono ule ule.

"Mama yenu alivaa zote mbili," anasema hatimaye. "Hii nyeupe ilivunjika kioo, nadhani fundi akakosa kingine cha kutosha. Akachukua kasha la dhahabu ambalo mashine yake ilikuwa imekufa, akaihamishia humo mashine ya mama."

Ndung'u anajipiga gotini kwa kiganja. "Kama alivaa zote, basi ni rahisi, Mama Fundi. Rudisha kila mashine kwake. Tuuze nyeupe ikiwa na mashine yake ya asili."

"Mnunuzi atafurahi; ikiwa imechanganywa hivi hataitaka. Lakini itakayoondoka ni mashine inayolia, ile aliyoivaa siku zote."

"Haiendi!" Nyawira anaruka. "Kaburi la maitu, la mama yetu, tulijenge kwa kuuza sauti yake?"

Mbithe anatoa lenzi, anafikicha jicho. "Siku nyingine ningesema kila mashine irudi kwake. Huo ndio ukweli wa saa. Leo, kusema kweli, sijui."

Ndung'u anaichukua ya dhahabu, anaiweka sikioni ili amalize ubishi. Mlio wake unachechemea, hatua mbili za haraka, moja ya kujivuta. Anasikiliza kwa muda mrefu.

"Ni hii," anasema. "Akininyoa, ilikuwa inalia hivi hapa sikioni."

"Hata mimi alininyoa," anasema Nyawira. "Na akanikata sikio."

"Ulikuwa hutulii."

Wanacheka. Ndung'u anamfunga dada yake ile saa mkononi, kisha anatoa simu na kumwambia mnunuzi asije. Kaburi litangoja.

Nyeupe inabaki kwa Mbithe. Jumatatu ataanza kuzunguka kwa mafundi wa Thika kutafuta kipuri cha mashine yake iliyokufa.

"Nataka nayo itembee," anasema, akiigeuza kiganjani. "Lakini hata ikilia, sijui itakuwa saa ya nani."