Kanga ya Mama Ukutani

Miaka ile, huku ughaibuni, nilikuwa nasafisha nyumba za watu kule Unionville, na Jumamosi najifunza kuchora bure kwenye ukumbi wa mtaa wetu, Flemingdon Park. Siku moja mwalimu alituonyesha picha za wachoraji wa Kifaransa wa zamani: mwanamke anaogesha mtoto, mwingine anashona dirishani, mwingine anachana nywele. Mwanga wa picha zile ulinitoa machozi, sisemi uongo. Ila kitu kimoja kilinikera: wote wameinama, kimya. Nikajiambia, wangu nitakayemchora atasema.

Basi nikamchora mama kwenye kochi letu, anamsuka mdogo wangu aliyekaa sakafuni katikati ya magoti yake, theluji nje ya dirisha. Mama kajifunga kanga yake ya kuvaa nyumbani, na maandishi yake nikayapaka herufi kwa herufi: YANGU HAYAKUHUSU, CHUNGA YAKO.

Alipoiona, aliweka kitana chini. Kanga ile aliiagiza Dar es Salaam ili kumjibu jirani yetu wa ghorofa ya saba, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliyesema mbele za watu kwamba naosha vyoo huku naota uchoraji. Ilipofika, mama akakosa ujasiri wa kutoka nayo. Miaka miwili akaivaa ndani ya nyumba tu. Na sasa maonyesho ya darasa letu pale ukumbini yalikuwa Jumapili baada ya ibada, na jirani lazima angekuja.

Mama akataka nifute maneno, niweke maua. Tena, kama naweza, nimvalishe lile gauni la harusi ya binamu. Nikakataa.

“Mama, nikiyafuta, jirani atabaki amesema peke yake.”

Wiki nzima akawa ananijibu kwa kichwa. Moyo uliniuma, lakini brashi sikuigusa.

Jumapili Wazungu walisifu rangi za kile kitambaa. Jirani akasogea, akasoma huku midomo ikitikisika, akamgeukia mama.

“Jirani, hii umemvalia nani?”

Mama akafungua zipu ya koti lake zito, taratibu kabisa. Ndani, juu ya gauni la kanisani, alikuwa amejifunga kanga ileile.

“Nimemvalia mwanangu,” akasema. “Kama pale ukutani huoni vizuri, soma hapa.”

Jirani alisoma. Kisha akauliza chai iko wapi.