Tumbawe la Mchoma Chokaa

Mzee Uweso wa Mabawa alikuwa mchoma chokaa, na kama hujui chokaa hutoka wapi, basi jua hutoka kwenye tumbawe. Huvunjwa mwambani maji ya bahari yakipwa, hupangwa juu ya magogo, hutiwa moto, na likishaiva humwagiwa maji likawa unga mweupe. Nusu ya nyumba za Tanga zilisimama kwa chokaa yake, na nusu ya pili, kwa maneno yake mwenyewe, zilikuwa zikingoja kuanguka. Kiburi kingine hakuwa nacho. Kanzu ilikuwa na viraka, baiskeli haina kengele, lakini ukisema chokaa ya fulani nayo nzuri, umegombana naye mpaka Idi.

Sasa mtu huyo huyo, Mungu hana mshauri, akalea tumbawe nyumbani kwake.

Ilikuwa hivi. Miaka ile ya hamsini Mzungu mmoja wa mkonge alihama Raskazone, vitu vyake vikanadiwa, na Uweso aliyekwenda kutafuta kitanda akarudi na sanduku la vioo la kufugia samaki. Mkewe, Saleha, akamuuliza kama watalala humo pamoja au kwa zamu. Kwa kuogopa sanduku likikaa tupu mke atapata la kusema kila siku, Uweso alichagua tumbawe moja dogo, la kijani, katika shehena iliyofika tanurini ikiwa bado mbichi, akalitia humo na maji ya bahari. Jioni ile tumbawe likatoa vidole vidogo vidogo, vingi, vikawa vinapunga. Saleha, aliyekuja kusema chakula tayari, akaketi kutazama. Wali ukapoa, na hakuna aliyeuulizia.

Kumbe sanduku linavuja pembeni. Mwingine angemtafuta fundi vioo. Uweso alikanda chokaa yake kwa mafuta, deheni ile ile wapakayo mabaharia chini ya vyombo vyao, akaziba pembe zote kwa ndani, kisha akaongeza nyingine kwa urembo. Halikuvuja tena hata tone. Mji mzima ukaambiwa, na aliyeuambia ni yeye, kwamba chokaa ya Uweso inashika hata kioo.

Habari zikamfikia Bwana Turki, mwenye mashamba kule Pongwe, aliyetaka kujengewa birika kubwa la maji ya mvua. Akaleta salamu kwamba Ijumaa baada ya sala atapita kuliona sanduku kwa macho yake, na likimridhisha, kazi ya birika ni ya Uweso. Kazi kubwa kama hiyo hakuwahi kuipata maishani. Siku hiyo alitembea sokoni kama mtu aliyekwisha kulijenga.

Alhamisi asubuhi tumbawe lilikuwa jeupe upande mmoja, na vidole havikutoka. Uweso akabadilisha maji. Akalisogeza kivulini, akalirudisha juani, akalisomea. Hatibu, msimamizi wake wa tanuri, akashauri litiwe dagaa. Likatiwa, nyumba ikanuka, na tumbawe halikuonja.

Saleha, aliyekuwa akisugua vioo vile kwa ndani kila siku ingawa hakuna aliyemwomba, akamnyooshea mumewe mikono.

"Baba Mboni, tazama. Yameniwasha haya maji kama nilipokuwa nikikusaidia kuchekecha zamani."

"Ni chumvi."

"Chumvi naijua tangu kuzaliwa. Hii ni chokaa yako. Kikulacho ki nguoni mwako."

Uweso alinuna mpaka alasiri. Si kwamba hakujua. Alijua pale pale alipoiona ile mikono, maana mchoma chokaa gani asiyejua chokaa inavyofanya kwenye jicho na ngozi? Lakini kujua ni kwako, kukiri ni kwa watu. Akiibandua deheni, sanduku litavuja mbele ya Bwana Turki na birika limekwenda. Akiiacha, tumbawe halifiki Jumamosi. "Ni jiwe tu," alijiambia, amekaa mbele yake. "Nimechoma mashehena ya haya." Alijiambia tena na tena, na kila akisema moyo ulizidi kumuuma.

Ijumaa alishika kisu akakwangua. Saleha alikwenda akaleta sufuria yake ya pilau ya karamu, ile asiyemwazima hata dada yake, tumbawe likahamia humo na maji safi. Sanduku likaanza kumwaga maji mkekani.

Bwana Turki alipopiga hodi alikuta mkeka umelowa, sanduku tupu, na tumbawe ndani ya sufuria. Hatibu akawahi kuokoa jahazi.

"Kioo kimepasuka, Bwana. Chokaa haina kosa."

Uweso angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Alikohoa.

"Kioo ni kizima," alisema. "Chokaa ilishika barabara. Nimeibandua mwenyewe, ilikuwa inaliua hili."

Bwana Turki akainama juu ya sufuria. "Mzee Uweso, umeliacha birika langu kwa ajili ya jiwe?"

"Mawe nayajua, Bwana Turki. Hili si jiwe."

Mgeni alikunywa kahawa yake kwa adabu, akaondoka, na birika akampa mtu wa Pangani, ambaye chokaa yake, alisema Uweso, haifai hata banda la kuku. Alisema hivyo kwa uchungu.

Maji ya bahari yalipokupwa, mke na mume walilibeba tumbawe mpaka ufukweni Raskazone, kila mmoja na sikio lake la sufuria, na njiani watu wakiuliza karamu ni ya nani. Wakalipachika katika ufa wa mwamba. Saleha, kanga imelowa mpaka magotini, alikataa kuondoka mpaka vidole vitoke. Bahari ilipoanza kurudi vikatoka vichache, upande ule wa kijani.

Jumamosi tanurini Uweso alichuchumaa mbele ya shehena mpya. Akawa anachukua tumbawe moja moja, analimwagia maji, analitazama, analiweka kando. Magogo yalikuwa tayari na juu yake hakuna kitu.

"Mzee," alisema Hatibu, "leo tunachoma au tunalea?"

"Chomeni yaliyokufa."

Hatibu akalitazama lundo. Lote lilikuwa bichi, limetoka baharini alfajiri ile.